Bingwa Aliyekataa Jiwe

Gharama yote ni hii: mitungi sita ya maji, ukuta mmoja uliopasuka na mwanamume mmoja. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kwa yule mwanamume. Nyinyi mliokuwa mkisimama kando ya barabara kumshangilia bingwa wa baiskeli akipita na jezi yake ya manjano, basi ndiye huyo, tumemzika Jumamosi. Msiwalaumu madereva wa malori ya bandari ya Kipevu, ingawa hata mimi nilianza na wao. Hakufa juu ya baiskeli. Alikufa kwenye kilima cha Mikindani, akisukuma mkokoteni, na msimu wa mashindano haujafunguliwa.

Wengi mlidhani amefilisika. Msimu ulipofungwa, baiskeli yake nyembamba aliitundika ukutani, akaingia kuuza maji nyumba kwa nyumba. Nami nilidhani hivyo hivyo, na mtu aliyefilisika, kwa hesabu zangu, hupunguza bei. Asubuhi moja nikamkuta katikati ya kilima, mgongo umepinda, jasho linamtiririka hadi kwenye ndara. Nikasimama mbele yake.

"Mitungi miwili, lakini kwa bei ya bondeni."

"Shikamoo, mzee. Nipishe, tutaongea huko juu."

"Marahaba. Huko juu utanipandishia bei."

Akacheka, na kucheka kukamlegeza. Mkokoteni ukarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili. Chini yetu mama wa viazi karai alikuwa ameinamia mafuta yanayochemka, ametugeuzia mgongo. Nikaangalia gurudumu, nikitafuta lile jiwe ambalo kila msukuma mkokoteni wa huku hulifunga kwa kamba, alitie nyuma ya gurudumu akitaka kupumua. Halikuwapo.

"Jiwe liko wapi?"

"Sukuma kwanza, mzee! Bei utaitaja baadaye!"

Nikasukuma, mimi ambaye hata mlango hungoja nifunguliwe. Viatu viliteleza kwenye kokoto, yeye akihesabu pumzi kwa sauti, mpaka tukafika tambarare. Hapo ndipo aliponieleza. Barabara kuu si ya kufanyia mazoezi peke yako, malori yameijaza hadi ukingoni. Wenzake wametawanyika kwenye vibarua vyao. Na miguu ikilala hadi msimu ufunguliwe, haiamki siku ya mashindano. Kwa hiyo mitungi sita, kilima kimoja, mara nne kila asubuhi, bila kusimama. "Jiwe ni ruhusa ya kusimama, mzee. Nikilibeba, nitalitumia." Nikamwambia, "Unatafuta uzito, halafu unakataa jiwe?" Akacheka tena, akanishushia mitungi yangu miwili. Nilimlipa bei yake ya juu. Sikumbuki siku nyingine niliyoshindwa kwa bei nisinune.

Siku yake ilipofika, hakusimamishwa na uchovu. Bibi kizee alikatiza mbele yake na ndoo, naye bingwa akasimama kumpisha. Mzigo ukamvuta. "Angeuachia mkokoteni, angepona," mama wa viazi karai aliniambia. "Lakini alituona huku chini. Akaukunja uende ukutani, ukambana hapo hapo." Sisi medali zake tulizihesabu. Jasho la msimu uliofungwa hatukulihesabu, isipokuwa tulipotaka lipunguzwe bei. Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Huyu, kivuli chake kilikuwa mashindano ya mwezi ujao. Na siwezi kumcheka kwa ukaidi wake, kwa kuwa wa kwanza kumsimamisha pale kilimani nilikuwa mimi, kwa sababu ya mitungi miwili.

Sasa mkewe amemkodishia mkokoteni mwendesha baiskeli mwingine wa timu ya marehemu, naye ameanza Jumatatu. Nilimpelekea jiwe zuri, bapa upande mmoja, kamba nimeshaifunga. Akalipima mkononi, akaliweka chini mlangoni. "Ahsante, mzee, lakini bingwa hakulibeba." Nikamjibu kwamba ndiyo maana nimelileta. Akaniaga kwa adabu, akateremka kuchota maji.

Jiwe bado liko pale mlangoni. Mimi niliyewashusha bei wauzaji wa Likoni hadi Miritini nimeshindwa kumpa mtu mmoja kitu cha bure. Wasomaji wangu, nishaurini: mwanamichezo huambiwa maneno gani hata akubali kusimama? Ila msichelewe na jibu. Anapanda mara nne kila asubuhi.