Viatu Vilivyombana Lukas

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile baba yangu aliporudi kutoka bandarini amekumbatia kiroba kifuani kama mtu aliyebeba kitoto kichanga, akicheka peke yake njia nzima. Sisi tulikuwa uani tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini. Mama akamtazama, akasema, "Leo Msukuma wangu ameokota nini?"

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu yako. Umenionyesha kwenye simu picha za viatu vya mbio za baiskeli, vile vyenye kibao chini ya soli kinachoingia kwenye pedeli kikang'ang'ania, ukaniuliza, "Bibi, nichukue vipi?" Kisha ukacheka ulipoona nimenyamaza. Ulidhani sivijui. Navijua, mwanangu. Laiti nisingevijua.

Baba alizaliwa Shinyanga, huko ambako mbio za baiskeli zinawatoa watu mashambani, na ujanani alishindana mpaka goti likamkatalia. Kazi ikamleta Mtwara kuendesha kreni bandarini, akamwoa mama, binti wa wakulima wa korosho wa Mpapura, na asirudi kwao tena isipokuwa kwa misiba. Kitu pekee alichotoka nacho kwao ni baiskeli yake ya mbio, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Na kaka yangu Lukas, mtoto wake wa kwanza, alirithi ile miguu. Miaka ile ya themanini ikielekea ukingoni, vijana wa mjini walianza kushindana kutoka Mtwara hadi Mpapura na kurudi, na mlima wa kutokea Mikindani ulipowatoa wenzake ulimi, Lukas aliupanda akiimba. Sitii chumvi. Alikuwa akiimba kweli, nyimbo za kwaya.

Sasa, siku ile ya kiroba, baba alikaa kwenye mkeka akatoa viatu vyeusi, vigumu kama gome, na pedeli mbili ndogo za chuma. Vilikuwa vya baharia wa meli iliyokuja kupakia korosho. Baharia huyo alikuwa na baiskeli yake melini, na jioni alipokuwa akizunguka nayo mjini walijuana na baba, lugha hawaelewani ila kwa mikono. Meli ilipokaribia kuondoka, wakabadilishana. Baba akampa redio yake.

Mama aliacha kumenya. "Redio ile ile?"

"Ile ile, Mama Lukas. Redio inasema tu. Hivi vitakimbia."

Redio ile ilikuwa roho ya baba. Taarifa ya habari, mpira, salamu za wagonjwa, yote alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, na ole wako upige kelele. Lukas alilijua hilo. Akakaa, akaingiza mguu, akavuta mikanda. Mimi nilikuwa karibu nikaona uso wake ukikunjamana kidogo, kidogo sana, kisha ukanyooka.

"Vinakutosha?" baba akauliza, na meno yote nje.

"Vinanitosha, baba. Utadhani vilikatiwa mguu wangu."

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na nadhani waliosema hivyo walimwona kijana kama Lukas.

Baba alizifunga zile pedeli mwenyewe kwenye ile baiskeli yake, ambayo sasa ilikuwa ya Lukas. Ujanani alizoea mikanda ya ngozi ya kufungia mguu, ile unayoilegeza kwa mkono. Chombo hiki kipya hakuwahi kukikanyaga. Hakumwuliza mtu. Alimshikisha Lukas ukuta wa nyumba akamfundisha alivyomwona baharia akifanya: kanyaga, sukuma mbele, ta! mguu umeshikwa. Zungusha kisigino kwenda nje, mguu umetoka. Kisha akachukua ufunguo mdogo akaikaza springi ya pedeli, ile inayong'ang'ania kiatu, mpaka mwisho. "Mguu wa mshindi haupaswi kuponyoka," akasema.

Siku ya kwanza barabarani Lukas alifika njia panda ya sokoni, akasimama, akasahau kwamba miguu imefungwa. Akalala chali kama gunia mbele ya akina mama wauza dagaa. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Naye alicheka. Nyumbani tulilirudia lile tukio wiki nzima, na baba ndiye aliyelirudia zaidi. Hatukujua tunacheka nini.

Kisha nikaanza kuona mambo. Lukas akitoka mazoezini haingii ndani mpaka amekwenda nyuma ya nyumba. Siku moja nilimfuata na ndoo ya maji nikamkuta ameloweka miguu kwenye beseni la chumvi. Ukucha wa dole gumba ulikuwa mweusi. Dole la pembeni lilikuwa limechunika, na alikuwa amelizungushia kipande cha kanga.

Nikamwambia, "Kaka, mwambie baba."

"Nimwambie nini? Redio imeshaondoka na meli."

"Mwambie havikutoshi."

Alinitazama kwa upole uliokuwa wake. Alisema, "Wewe uliuona uso wake siku ile. Mimi tangu nizaliwe sijamwona baba akifurahi vile. Viatu vitalainika."

Havikulainika. Viatu vya namna hiyo, mwanangu, soli yake haipindi. Mtengenezaji ameikusudia hivyo ili nguvu yote ya mguu iende kwenye pedeli. Kiatu cha ngozi kikikubana leo, mwezi ujao kitakusamehe. Hiki hakisamehi.

Nilimweleza mama. Mama akamwita Lukas jikoni, akampaka mafuta ya nazi, akamwambia atakapomaliza mashindano yaliyo mbele amwambie baba mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa sababu hayo ni ya mtu na babaye. Akakubali. Jioni baba akiegemea ukuta wake bila redio, kimya, akisikiliza majirani, Lukas alikuwa akipita mbele yake anatembea wima, hachechemei hata kidogo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hii tulifundishwa shuleni, tukaiandika ubaoni kwa chaki, tukaifuta.

Siku ya mashindano ilikuwa ya jua kali, mabibo yamedondoka chini ya mikorosho mpaka hewa ina harufu ya ulevi. Baba aliomba ruhusa kazini, akatuchukua mimi na mama tukakae Mikindani, mahali barabara inaposhuka, tuwaone wakirudi. Walipotokea juu walikuwa wawili tu, Lukas na kijana mmoja wa Ziwani aitwaye Hamisi. Baba akasimama akaanza kupiga mbinja.

Kwenye kona, lori la magunia ya korosho lilikuwa limeharibika. Dereva alikuwa ameweka matawi barabarani kama ilivyo desturi, lakini watu waliokuja kutazama mbio walikuwa wameyasogeza wapate pa kusimama, nao wakawa wamejaa mpaka katikati. Hamisi alikuwa na viatu vya raba, akafunga breki, akateremsha miguu akaburura, akasimama. Lukas naye akafunga breki. Nilimwona akizungusha kisigino. Akazungusha tena. Baadaye alituambia kwamba kuanzia Mpapura alikuwa hausikii mguu wa kulia. Ulikuwa umekufa ganzi kama kipande cha mti, akawa anauamrisha na haujui kama umetii. Baiskeli ilianguka ubavuni ikateleza, mguu ukiwa ndani yake, na mfupa wa chini ya goti ukavunjika. Sauti ile, mwanangu, niache nisikusimulie.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la mtu mwema. Muuguzi alitaka kukikata kiatu, baba akasema, "Niache mimi." Akapiga magoti sakafuni, akalegeza mikanda moja moja, akakivuta kwa mikono ya mtu aliyezoea kushusha mizigo inayovunjika. Kilipotoka, kilitoka na kile kipande cha kanga, na harufu. Dole lilikuwa limeoza pembeni. Ukucha haukuwepo.

Baba akakiweka kile kipande cha kanga kando.

"Lukas. Hivi vidonda ni vya leo?"

"Hapana, baba."

"Ni vya lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Baba hakuinuka pale sakafuni. Alishika kisigino cha mtoto wake kwa viganja viwili. "Mwanangu," akasema, "ulidhani naipenda redio kuliko vidole vyako?"

Lukas aligeuza uso ukutani, na hapo ndipo alipolia. Mfupa haukuwa umemliza.

Daktari alituambia mfupa peke yake ungeunga. Lakini uchafu wa kile kidonda cha siku nyingi ulikuwa umekwishapanda, homa ikaja, mguu ukavimba ukabadilika rangi. Walijitahidi. Mwishowe wakaukata chini ya goti. Kaka yangu alikuwa hajaota ndevu vizuri.

Tuliporudi nyumbani siku ile ya kukatwa, baba alituita wote tukae mkekani, mama pia. Nilidhani atatulaumu mimi na mama kwa kuujua ule ukucha mweusi. Akasema hivi, na maneno yake sijayapunguza hata moja:

"Heshima ya namna hii siitaki ndani ya nyumba yangu. Nikikupa kitu kikakuumiza, nirudishie. Nitanuna, ndiyo. Kununa kunapita. Na mimi nina langu. Nilimwuliza mara moja tu, tena nikicheka. Ukimwuliza mtu huku umeshaanza kufurahia jibu, hujamwuliza. Umemwamuru."

Kisha akaenda akaegemea ukuta wake.

Maisha yaliendelea, maana hayana adabu ya kungoja. Lukas alipata mguu wa bandia, akapata kazi ya kupima magunia kwenye ghala la korosho, akaoa, akazaa. Alikuwa mtu mchangamfu. Lakini kuimba aliacha, hata kanisani alikaa viti vya nyuma akasogeza midomo tu. Na baba akawa na tabia ambayo majirani waliiona ni uzee: kila mtoto wa ukoo akivaa kiatu kipya, hata ndala, alimketisha, akakibonyeza pale mbele kwa dole gumba, akamwuliza, "Kinabana?" Mtoto akisema hakibani, alingoja. Alimtazama machoni akauliza tena, safari hii bila kucheka.

Miaka ilipita hivyo, tukaingia elfu mbili na kitu, baba akaugua mapafu. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda siku Lukas alipokuja kutoka kazini, na vumbi la korosho bado kwenye shati. Alikaa. Walikuwa hawajawahi kulizungumza lile jambo tangu siku ya hospitali, wanaume wale wawili wanaopendana, nyumba moja, meza moja. Lukas akasema, "Baba, nataka ujue. Hukunikosea."

Baba akafumbua macho. "Najua, mwanangu. Na wewe hukunikosea. Ndiyo maana inauma hivi."

Alifariki kabla ya wiki kwisha.

Nimefikiri sana maneno hayo. Kosa lina mwenyewe, unamkasirikia, siku moja unamsamehe. Lakini mambo yaliyoharibiwa na watu wawili wanaotakiana mema, utamsamehe nani?

Basi, mwanangu, sikukatazi viatu hivyo. Ni vizuri, vinampa mtu mwendo. Ila vinunue jioni, mguu ukiwa umeshavimba na kazi za mchana, tena ukiwa umevaa soksi utakazoendeshea. Simama navyo. Vidole vicheze kidogo mbele, kisigino kisipande nyuma. Mwenye duka akikwambia vitatanuka, mshukuru uondoke. Kile kibao cha chini kiwe chini ya nyama ya mguu, pale nyuma ya vidole, na kifuate mguu wako unavyoelekea wenyewe unapotembea. Ukiulazimisha, goti ndilo litakalolipa. Springi uilegeze mpaka mwisho mwanzoni, acha waliozoea ndio wakaze. Jifunzie ukutani, kisha kwenye majani, na mguu uutoe kabla hujafika unaposimama, maana ukingoja baiskeli isimame umeshachelewa. Na huku kwetu, mchanga unaingia kwenye kile kibao ukakwama. Ukishuka ukakanyaga chini, kifute kabla hujapanda tena. Mguu ukifa ganzi, teremka. Hata kama unaongoza. Hasa kama unaongoza.

Hayo ni ya miguu. La moyo ni hili. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hakuna atakayehisi kiatu chako kwa niaba yako, hata mama aliyekuzaa. Ukipewa zawadi inakubana, kiwe kiatu, iwe kazi, awe mchumba uliyechaguliwa na watu wanaokutakia heri, sema mapema, sema kwa adabu, lakini sema. Na siku utakayokuwa mtoaji wewe, uliza mara mbili, na mara ya pili uwe tayari kusikia usilolipenda.

Mungu akupe mguu unaosikia na ulimi usioona haya kuusemea. Akuzungushie watu watakaokuamini unaposema unaumia. Haya, panda baiskeli yako, mwanangu. Nenda unakokwenda, na unaporudi, urudi mzima.