Viatu vya Ukurasa wa Arobaini

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha uchapaji, mtaa wa Gerezani, msimamizi alinikabidhi kasha la herufi za madini ya risasi akaniambia, "Hapa macho yasome, mkono upange. Akili yako iache getini." Hilo la mwisho lilinishinda, na leo nalisema waziwazi.

Enzi zetu kitabu kilipangwa herufi moja moja, kinyumenyume, kama unavyoona maandishi kwenye kioo. Herufi hazikutosha kitabu kizima. Tulipanga kurasa kumi na sita, tukachapa nakala zote, tukabomoa mpangilio ili herufi zilezile zipange kurasa nyingine. Ukishabomoa, basi tena, kosa halirekebishiki.

Ndipo Rajabu, karani wa bohari Kariakoo, akaleta riwaya yake ya mpelelezi wa kujitegemea. Mpelelezi yule hakuwa na bastola wala gari. Alikaa vibarazani, akanywa kahawa, akatazama watu miguuni. Niliipenda mno, mpaka nami nikajiona mpelelezi.

Ukurasa wa arobaini, mtuhumiwa anadai amevuka bonde la Jangwani kwa miguu wakati wa mafuriko, lakini viatu vyake vikavu. Nikasema moyoni, karani huyu kapitiwa. Prufu, ile karatasi ya majaribio, alikwisha kuitia sahihi. Mimi mjuaji nikabadilisha: viatu vimelowa. Tukachapa, tukabomoa.

Wiki iliyofuata nikafika sura ya mwisho. Muuaji ananaswa kwa vile viatu vikavu! Nikaenda kukiri mwenyewe kwa msimamizi.

"Vua aproni," msimamizi akasema. "Kazi huna."

Rajabu aliitwa. Aliusoma ukurasa, kisha akanigeukia. "Kijana, umevilowesha. Na tope umeliweka?"

"Hapana, mzee."

"Jangwani ikifurika, mtu anatoka na maji matupu?"

Akaomba kalamu, akaketi juu ya robota la karatasi, akaandika upya sura ya mwisho: muuaji aliloweka viatu bombani ili adanganye, akasahau tope. Halafu akamwambia msimamizi, "Nimebadili mawazo mwenyewe. Huyu mwache apange."

Nikapanga, mpaka nami nikawa msimamizi, mpaka kompyuta zikaja nikastaafu. Kazi niliijua, sijivungi.

Juzi mjukuu wangu Neema kakiokota kitabu kile sokoni Mchikichini, katikati ya mitumba, hakina hata jalada. "Shikamoo babu. Huyu mwandishi noma. Ile ya viatu bila tope aliiwazaje?"

Rajabu ni marehemu sasa. Kila alipopongezwa kwa viatu vile mbele yangu, alinitupia jicho tu, akanywa chai yake. Hakunitaja kamwe.

"Marahaba," nikamjibu. "Kaa hapa. Aliiwaza ili kijana mmoja asifukuzwe kazi. Kijana mwenyewe ndiye babu yako."