Niliipaka Mafuta Boti ya Baba, Kisha Nikakana

Kosa ni langu. Nnalisema mwanzo kabisa, ili msihangaike kutafuta wa kumlaumu huko mbele kama nilivyohangaika mimi.

Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu, Mkokotoni. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na mama akamfuata kabla mwaka haujatimia. Skuli nikaiacha. Nikabaki na wadogo wawili: wa kiume, nitamwita Khatibu, alikuwa na miaka minane, na Mwanaisha alikuwa na minne. Nimewalea kwa vitumbua vya asubuhi pale sokoni, na kwa hilo sijajuta hata siku moja. Ninalojutia ni jengine.

Baba alituachia boti ya faiba. Ni fupi, bapa, rangi ya tope. Ilikuwa ya bwana mmoja wa Mji Mkongwe, Mwarabu aliyependa kuwinda bata mwitu. Mvua za masika zikijaza bonde la mpunga la Cheju, bwana yule alikuwa akilala kifudifudi ndani ya boti na bunduki yake, na baba akiisukuma kwa pondo, polepole, katikati ya majani. Ubavuni ina vishikizo vya kuchomekea nyasi, bata wasitambue kama kuna mtu. Bwana alipozeeka na macho yakamchoka, akampa baba boti bure.

Baba alipoondoka, mimi ndiye niliyeitunza. Niliitunza kama nilivyomuona akitunza vyombo vyake vya baharini vya mbao. Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, nilinunua kopo la sifa, yale mafuta ya ini la papa, nikaipaka ndani na nje. Mbao ikikosa mafuta hupasuka, ndivyo nilivyofunzwa. Faiba nikadhani ni namna ya mbao ya kizungu.

Jirani yetu akinipita akinitania: "Bi mdogo, maiti huoshwa, hapakwi mafuta."

"Pita zako," nikimjibu. "Huyu atafufuka."

Khatibu alipomaliza kidato cha nne akaenda kujifunza kazi katika karakana moja ya boti za faiba, nje kidogo ya mji. Miaka miwili alikuwa mwanafunzi, analipwa nauli na chakula cha mchana tu. Halafu kazi za mahoteli ya Kendwa zikazidi, na fundi mkuu akatangaza kuwa ataajiri mmoja katika wanafunzi wake watatu. Kila mmoja atengeneze chombo kizima kwa mkono wake, bila ya kusimamiwa, naye atapita kuvikagua.

Alhamisi ile Khatibu alirudi nyumbani anakimbia.

"Dada, nipe boti ya baba."

"Uende ukaiuze?"

"Nkaifufue."

Aliipiga msasa siku mbili. Vumbi la faiba lilimganda mpaka kwenye kope, akawa anajikuna kama mwenye upele. Mwanaisha akamwambia, "Ukioga utabaki nusu." Sakafu ya boti ilikuwa imelika mpaka nyuzi za faiba zinaonekana, zimesimama kama manyoya. Hapo ndipo alipotaka kulaza kitambaa kipya cha faiba na kukigandisha kwa gundi.

Jumapili akarudi mjini. Akaniachia maagizo: "Dada, usiiguse mpaka Ijumaa. Ifunike turubai tu. Gundi hii haitaki maji wala vumbi."

Maji na vumbi. Mafuta hakuyataja. Miezi mingi nimejikinga nyuma ya maneno yake hayo, lakini alisema pia usiiguse, na hilo nililisikia vizuri.

Jumanne jua lilikuwa kali. Nikafunua turubai niangalie. Sakafu ilikuwa nyeupe, kavu, imepauka kama kisigino cha mtu asiyejipaka. Roho iliniuma. Nilikuwa na nusu kopo, nikalimimina lote na kulisugua kwa kitambaa. Ile boti ilikunywa kama mtu aliyekuwa amefunga. Baada ya saa moja hukuona hata alama. Nikajiona nimefanya jambo la maana.

Ijumaa Khatibu akaja na gundi yake na vitambaa vyake. Akainama ndani ya boti.

"Mbona inanuka papa?"

Mwanaisha akadakia, "Hapa Mkokotoni nini hakinuki papa? Kajinuse mwenyewe kwanza."

Tukacheka wote watatu. Lakini mimi hapo hapo nilianza kuingiwa na wasiwasi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na nikaipitisha. Nikajiambia mafuta yameshakauka, ataosha, yatatoka.

Akaosha kweli, kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, mara mbili. Akalaza vitambaa safu tatu, akavisawazisha kwa brashi na mkono, taratibu, mpaka jua likaanza kuinama. Asubuhi yake boti ilikuwa inang'aa. Nilimuona mdogo wangu akiizunguka peke yake, mikono nyuma, kama mzee.

Wiki moja baadaye fundi mkuu akafika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Ndicho chombo chenyewe hiki?"

Akaizunguka. Akagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akasema, "Mkono anao huyu," na Khatibu akatazama chini asionekane anavyotabasamu. Kisha mzee akachutama, akatia ukucha kwenye pindo la kitambaa kule nyuma, akavuta kidogo tu.

Kikabanduka. Akaendelea kuvuta, nacho kikaendelea kuja, kipande kizima, kama ngozi inayoganda juu ya maziwa. Hata uzi mmoja haukuwa umeshika.

"Uliosha kwa kitu gani?" akamuuliza Khatibu.

"Tina, fundi. Mara mbili."

"Pakakauka?"

"Pakakauka."

Mzee akanigeukia mimi. "Binti, hapa hapakupita mafuta? Ya kupikia, ya taa, ya chombo, yoyote?"

Khatibu naye akanitazama. Hakunitazama kwa kunishuku. Alinitazama kama mtu anayengoja shahidi wake aseme.

Wallahi, jibu lilikuwa ndiyo, neno moja tu. Lakini nilimuona yule fundi na miwani yake, na huyu mdogo wangu niliyemsomesha mimi, anayejua sasa mambo nisiyoyajua, na mimi katikati yao na kanga yangu ya unga wa vitumbua. Nikaona haya kuwa mimi ndiye mjinga.

"Hapana, mzee," nikasema.

Laiti ningenyamaza hapo. Nikaongeza: "Huyu toka mdogo ana pupa. Siku ile alikuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira."

Hakukuwa na mpira. Niliutunga pale pale, bila hata ya kufikiri.

Mzee akasimama, akajipangusa mikono. "Kijana, pupa mtu husamehewa kwenye sahani. Chombo hupakia roho za watu." Akaaga, akaenda zake. Kazi akapewa mwengine.

Khatibu hakunijibu mbele ya mgeni. Ndivyo nilivyomlea. Alingoja mpaka mzee amepotea njiani, ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini:

"Dada, mpira gani?"

Badala ya kuanguka miguuni pake, nikamfokea. "Unanihoji mimi? Mimi niliyekulea?"

Hakuuliza tena. Haukupita mwezi akapanda boti ya Dar pale bandari ya Malindi, mjini. Siku hizi anapakia mabati katika duka la vifaa vya ujenzi. Hela kidogo anatuma. Simu anapokea akipigiwa na Mwanaisha.

Nilikaa na jambo hili mpaka likaninyima hamu ya kula. Mwisho nikafunga safari hadi karakana, nikamweleza fundi mkuu kila kitu, hata habari ya mpira. Nilitegemea atanitukana, na bora angenitukana. Alitikisa kichwa tu.

"Mwanangu, sisi sote tumetoka kwenye mbao. Mwaka wangu wa kwanza wa faiba na mimi nilipaka mafuta hayo hayo, mwalimu wangu akacheka mpaka akakaa chini. Ungenambia pale, ilikuwa kazi ya wiki moja. Tunakwangua, tunaosha, tunalaza upya. Kijana yule kazi yake haikuwa na kasoro."

"Na sasa, mzee?"

"Sasa nshaajiri. Siwezi kumfukuza mtu kwa kosa ambalo si lake."

Nikampigia Khatibu kwa simu ya Mwanaisha. Nikamwambia yote bila kupumzika, nikiogopa nikipumzika nitaacha. Akasikiliza.

"Mafuta si kitu, Dada," akasema. "Mafuta mtu hupaka kwa kutojua. Huo mpira je?"

Nikamuomba arudi tuikwangue boti pamoja, mimi nitapiga msasa, yeye atanielekeza. Akasema amenisamehe, lakini faiba hataki tena kuishika, kwa sababu kila akiishika anamsikia dada yake akimwambia mtu kuwa yeye ni wa pupa. Miaka miwili aliyojifunza, na mkono ule aliousifia mzee, unabeba mabati.

Kinachoniudhi mpaka leo ni udogo wa kitu chenyewe. Wiki moja ya kukwangua. Nilikataa kuona haya kwa wiki moja, nikamvunja mtoto niliyemlea miaka kumi na mbili.

Nyinyi mliobaki wakubwa kwenye nyumba zisizo na wazee, mlioacha skuli ili wengine wasome, nnawaambia: siku mdogo wako atakapojua kitu usichokijua, mwache ajue. Na ukiulizwa mbele yake, na jibu ni ndiyo, sema ndiyo, hata kama sauti inatetemeka. Tusidhani wanatuheshimu kwa sababu tunajua kila kitu. Wangu alikuwa ameshazoea kuwa dada yake hajui mambo mengi, na alikuwa akiniheshimu hivyo hivyo.