Gemu Isiyojua Kubana Mkono

Kila alipohitaji kusaidiwa kuinuka, baba mdogo alikushika kifundo cha mkono, akakibana mara mbili, ndipo akajiachia. Tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote. Alimbana muuguzi kabla ya sindano, alimbana mpita njia aliyempa mkono avuke mtaro, alimbana kinyozi kabla ya kuinamisha kichwa.

"Mzee, nakupunguza nywele tu," kinyozi alikuwa akimtania. "Sikupeleki vitani."

"We nyoa. Mimi nakuarifu tu kwamba nipo."

Ilikuwa lugha ya ulingoni. Yeye na baba yangu, kaka yake wa tumbo moja, walikuwa wanamieleka wa maonyesho, ile mieleka ambayo mshindi anajulikana kabla tiketi hazijauzwa. Baba aliitwa Kipanga, na kazi yake ilikuwa kushinda. Baba mdogo aliitwa Tingatinga, na kazi yake ilikuwa kushindwa, tena kwa namna ambayo mtu wa kiti cha mwisho ataapa kwamba ameona mbavu zikivunjika. Siri yote ilikuwa mkononi. Anayerushwa humbana mrushaji mara mbili, maana yake: nimejaza pumzi, kidevu kiko kifuani, nirushe. Pasipo mbano hakuna kurusha.

Siku moja mwandaaji aliamua Tingatinga naye ashinde, angalau mara moja, watu wabadilishiwe ladha. Ukumbi ulipoona mnyonge amembeba Kipanga begani, ukaanza kuita jina lake. Hakuwahi kuitwa hivyo. Kelele zilimpanda kichwani, akamrusha kaka yake kabla hajabanwa. Baba aliangukia shingo, na hakuinuka. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nang'oka meno ya utoto.

Watu walisema ameteleza. Baba mdogo alinichukua nyumbani kwake akanilea, na ni yeye aliyeniambia ukweli, siku niliyorudi kutoka chuoni na cheti changu. Alikuwa anashona, na sindano haikusimama. Hakuniomba msamaha. Alisema tu, "Ujue umekuwa ukila kwa nani," kisha akaniomba nimkatie uzi.

Baada ya msiba ule hakupanda tena ulingoni. Alijifunza kutengeneza magodoro. Alikuwa na chumba kimoja cha kazi kilichojaa pamba hadi kwenye nyusi za madirisha, na hakumkabidhi mteja godoro kabla ya kujitupa juu yake chali, mikono imetandazwa, kidevu kifuani. "Likinipokea mimi, litampokea yeyote," alikuwa akisema huku akikung'uta pamba kwenye masikio. Wateja walicheka, wengine walikuja na watoto waone. Mama mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia majirani kwamba yeye hakuolewa na mtu, aliolewa na godoro, na godoro lenyewe linakoroma.

Uzeeni shingo ilianza kumdai miaka yote ya kuanguka. Vidole vilikufa ganzi kimoja baada ya kingine, sindano ikawa inamponyoka bila yeye kujua. Daktari alisema atafutiwe kitu cha kuvichezesha. Nikamnunulia mashine ya gemu iliyokwisha tumika, nikaiunganisha na televisheni chumbani kwake. Nilipoiwasha nikakuta aliyekuwa nayo ameacha ndani yake gemu ya mieleka. Nilitaka kuifuta upesi.

"Iache," alisema. "Tuone wanatudanganyaje."

Basi akaichunguza kama alivyochunguza pamba ya kununua, kwa kuivuta huku na huku. Aliisifu mahali ilipostahili. Kamba za ulingo, alisema, zimepatikana. Zinakupokea na kukurudisha kama zenyewe. Kofi la kifuani lina mlio wake. Mtu mzito anarushwa kama mtu mzito, si kama shuka. Kisha akaanza kuikosoa. Nywele zilipenya mabegani. Mwamuzi aligeuka kutazama ukuta. Watazamaji walikuwa na sura nne tu zilizorudiwa ukumbi mzima.

"Hawa wote wamezaliwa tumbo moja," alisema. "Huyo mama yao kapata tabu."

Mtangazaji wa gemu hakuweza kutamka jina lolote ambalo hakufundishwa, kwa hiyo kila asiyemjua alimwita mpinzani. Hilo lilimuudhi zaidi ya nywele.

Kilichomfanya aamke mapema kila siku ni chumba cha kuumba. Gemu ile ilikuruhusu kumtengeneza mwanamieleka wako kuanzia kidole cha mguu. Nikajua anamtengeneza nani kabla hajaniambia. Mimi ndiye niliyebonyeza, yeye alielekeza. "Pua ina kona, hapo. Shusha. Bega la kushoto lije mbele, baba yako alitembea kama anasukuma mlango." Picha tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, yenye ukungu. Mwendo tuliutafuta muda mrefu, kwani mingi ilikuwa ya majivuno, hadi tukaupata kwenye kundi la miendo ya wachekeshaji.

"Ndiye huyo," alisema.

Pazia likafunguka, Kipanga akatoka, bega la kushoto mbele, akisukuma mlango usiokuwepo. Nilikuwa nimesahau kwamba nimesahau mwendo wa baba. Niliondoka kwenda jikoni kuangalia chai ambayo sikuwa nimeibandika.

Siku zile nilielewa anachotaka. Alitaka kumrusha kaka yake mara moja tu, kama inavyotakiwa, kabla vidole havijamwisha. Gemu ilimpa nafasi hiyo hata mara kumi kwa siku. Alimrusha, Kipanga akaanguka, akainuka. Kila mara baba mdogo aliweka pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, mapajani akatikisa kichwa.

"Si anainuka?" nilimuuliza.

"Anainuka kwa sababu ameumbwa ainuke. Hajaniambia yuko tayari. Waliotengeneza kitu hiki wana akili sana, mwanangu, ila hawajui mieleka. Humu kila mtu anataka kushinda. Mieleka inachezwa na watu wawili wanaotaka kurudi nyumbani."

Ndipo siku moja, ili kumchangamsha, nikashika pedi ya pili. Mimi nikawa Kipanga, yeye Tingatinga, ambaye naye tulikuwa tumemuumba. Akanibeba begani. Nilibonyeza kitufe cha kujinasua, na pedi zote mbili zikatetema, yangu na yake.

"Umebonyeza nini?"

"Sijui. Hiki hapa."

"Rudia. Mara mbili."

Nikarudia. Pedi ikatetema mara mbili kwenye viganja vyake, mahali pale pale ambapo mkono wa mtu hubanwa. Aliitazama muda mrefu kama kitu kilichomwita. Wenye gemu waliweka mtetemo ule kwa sababu nyingine kabisa, ya kupigana. Yeye alimshusha Kipanga taratibu, akamsimamisha kwa miguu yake.

"Mbano huu haukuwa wa baba yako, umejaribu kitufe tu," alisema. "Usinipe leo. Utanipa ukitaka. Na usipotaka, basi, tutakuwa tumecheza."

Tukawa tunacheza hivyo. Jioni nikitoka kazini kwangu maktabani nilimkuta ameiweka pedi yangu tayari kwenye mto. Alimbeba baba begani, akasubiri. Sikubonyeza. Alimshusha, tukaendelea na mengine, tukalaumu nywele na mwamuzi. Sikuwa na kinyongo naye. Aliyenifunga viatu vya shule alikuwa yeye. Nilikuwa najiuliza kama mtu anaweza kusema niko tayari kwa niaba ya marehemu. Baba mwenyewe hakupewa nafasi ya kusema. Nikilisema mimi, nilihofu lingekuwa neno langu tu.

Hatimaye akalazwa hospitali, na baadaye wakaniambia nirudi naye nyumbani. Hawakueleza zaidi na sikuuliza. Nilimlaza kwenye godoro aliloshona mwenyewe enzi za vidole. Alinibana mkono kabla sijamshusha, lakini mbano wenyewe niliuhisi kwa kuujua tu, nguvu haikuwemo.

"Washa," alisema.

"Pumzika kwanza, baba mdogo."

"Kidole gumba kimebaki kimoja. Nacho kimeshafunga virago."

Nikawasha. Nikamwegemeza kwenye mito, nikamwekea pedi juu ya tumbo. Ilimchukua muda kumfikia Kipanga, akakosea mara kadhaa, akamshika. Akamwinua begani. Wale watazamaji wa tumbo moja wakapiga kelele ukumbi mzima. Yeye akasubiri, kama siku zote, macho yakiwa kwenye televisheni na si kwangu.

Nilitazama bega la kushoto la baba likining'inia. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena.

Pedi ilitetema juu ya tumbo lake. Akafumba macho.

"Kidevu?" aliuliza.

"Kiko kifuani."

Kidole kikajikokota. Tingatinga akarusha. Kipanga akaanguka chali, mgongo mzima kwa pamoja, ule mlio safi aliokuwa akinieleza tangu utotoni, na baba mdogo akatoa pumzi ambayo sijui alikuwa ameibana tangu lini.

Katika mchezo wa watu wawili aliyeanguka hainuki mwenyewe. Humwinua aliyeshika pedi yake. Mimi sikuwa naona vitufe. Baba alilala pale katikati ya ulingo, Tingatinga akasimama kando yake bila mtu wa kumwendesha, na mtangazaji akasema mpinzani yuko chini, mpinzani yuko chini.

Asubuhi nilipompelekea chai alikuwa amekwisha kwenda. Kwa hiyo maneno yake ya mwisho kwangu ni yale ya jioni ile. Alikuwa amegeukia ukutani, nikadhani amesinzia, nikanyoosha mkono kwenye swichi ya mashine.

"Usizime akiwa chini," alisema. "Mwinue kwanza."