Nani Alikuwa Mtoto?

Mwaka jana alikuja nyumbani kwetu, mtaa wa Mkomani, mzee mmoja wa Kiingereza, mjukuu wa afisa aliyewahi kutawala visiwa hivi. Alitaka kuonana na watu wanaozikumbuka zama za babu yake, na mwenye nyumba ya wageni aliyofikia akamwelekeza kwa mama yangu, mzaliwa wa Siyu, mji wa kisiwa cha jirani, aliyekwisha kuvuka miaka themanini. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

Mama alimkaribisha kwa kahawa na halua. Mgeni alisifu mlango wa nakshi, akasifu vidaka vya ukutani, kisha akasema kwa upole kabisa, "Babu aliwapenda sana watu wa hapa. Alikuwa akisema ni kama watoto: wana moyo mzuri, ila wanahitaji mtu wa kuwashika mkono mpaka wakomae."

Hasira zikanipanda. Katika vidaka hivyo hivyo alivyovisifu, wazee wetu walikuwa wakiweka misahafu iliyonakiliwa kwa mkono huko Siyu kabla babu yake hajazaliwa. Nani aliyemwambia kwamba tulikuwa tukimngoja atukomaze?

"Menena nini?" mama akaniuliza.

Nilitaka kuyapunguza makali. Halafu nikajiuliza, kwa nini? Nikamfasiria yote.

Mama akaweka kikombe chini. "Mwambie babangu alimbeba huyo babuye. Maji yakipwa Siyu, mashua haifiki pwani, ni tope tupu. Basi babangu akiinama, naye akipanda mgongoni, viatu visirowe. Babangu mtu mzima, ana mke na wana, nasi twatazama. Muulize, mwana ni nani hapo? Abebaye au abebwaye?"

Nikafasiri bila kuacha neno. Uso wa mgeni ukaiva. "Zilikuwa zama nyingine," akasema. "Alikuwa na nia njema."

"Mwenye nia njema hubisha hodi," nikamjibu. "Babu yako alibisha kwa nani?"

Mgeni alishukuru kwa kahawa, akaaga.

Kesho yake, kama tulivyokuwa tumepatana, nilikuwa nimpeleke Siyu. Nikamtumia ujumbe atafute mtu mwingine. Mama alinigombeza: mgeni ni mgeni, na makosa ya babuye si yake. Kweli, si yake. Lakini maneno yale aliyatamka kwa kinywa chake, ndani ya nyumba yetu, akila halua yetu, kama mtu anayetupa zawadi. Hadi leo sijajuta.