Mwalimu Aliyemwinamia Koko

Jumanne, tarehe nne Novemba 1997. Mvua tangu alfajiri, na udongo mweusi wa Kitengela unashika kiatu na haukiachi. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu nikiwa na miaka kumi na mmoja, na nikilifungua leo karatasi bado zinanuka moshi na maziwa, maana nililificha jikoni nyuma ya vibuyu. Siku hiyo Mwalimu Wafula alihamia kwenye chumba cha nje ambacho Baba alikuwa akipangisha. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, suruali ameikunja hadi magotini, kichwani amebeba katoni la vitabu lililofunikwa kwa nailoni, na kiatu kimoja kimebaki kwenye tope. Aliweka kwanza vitabu mahali pakavu, ndipo akarudi kutafuta kiatu. Mama alimtazama akasema, "Huyu sijui ametoka wapi huko magharibi, lakini anachopenda nimeshakijua."

Mwalimu alifundisha falsafa katika chuo kikuu kimoja Nairobi. Nilimuuliza falsafa ya nini, akasema ya nafsi: inakuwaje nyama na mifupa viwe na mtu ndani yake, anayeona, anayeumwa, anayekumbuka, na mimi nitajuaje kwamba na wewe uko humo ndani. Alikuwa akiandika kitabu juu ya jambo hilo hilo moja. Mama hakuamini kwamba hiyo ni kazi. "Analipwa kwa kufikiri? Mimi nafikiri tangu saa kumi ya asubuhi na hakuna anayenilipa." Na kwa kuwa Mwalimu alikuwa na upara, Mama alimwambia mbele yetu sote, "Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sasa wewe, Mwalimu, zako uliziacha wapi?" Mwalimu alicheka kutushinda. Sitaki kujifanya nilimwelewa. Niliishia darasa la nane, na kitabu chake nimekianza mara tatu, na mara zote tatu nimekwama ukurasa wa kumi na nne. Ninachoweza kueleza ni kile nilichokiona tu, na hata hicho sina hakika nacho chote.

Nyumbani tulikuwa na Koko, mama yake Baba. Mapema mwaka ule alianguka zizini, upande wake wa kulia ukafa ganzi, na maneno yakakauka. Tangu hapo alikaa kwenye kiti kando ya mlango wa sebule, amejifunika shuka nyekundu, macho yakitazama uwanjani. Kwetu sisi Wamaasai, mtoto humsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa, na hakiinui mpaka mkono wa mkubwa umguse utosini. Mwanzoni tuliendelea kuinama mbele ya Koko. Mkono haukuja. Sasa mtoto atainama mpaka lini? Tuliacha kidogo kidogo, na wa kwanza kuacha nilikuwa mimi niliyelala naye chumba kimoja. Tukawa tunampita kama mtu anavyopita kabati. Mama alimlisha uji na kumwosha kwa upole, nalisema hili nisije nikamwonea, lakini alifanya hivyo huku akizungumza na watu wengine juu ya kichwa chake.

Kila jioni Mwalimu alikuja kuchukua maziwa na jagi lake la bati. Kabla ya kuingia alisimama mbele ya kiti. "Yeyo, takwenya," alimsalimu, salamu ya kina mama ambayo tulimfundisha sisi, kisha akangoja jibu. Alingoja kweli, hadi kuku wakampita miguuni.

"Mwalimu, huyo hasikii," Mama alimwambia.

"Umejuaje, Mama Naserian?"

"Si hajibu?"

"Hata mimi nikilala sijibu. Na niko."

Siku moja tukimenya minji pamoja aliniambia kwamba mama yake naye alilala hivyo miezi mingi. Wakati huo alikuwa kijana wa seminari, anasomea upadri, na alikaa kando ya kitanda akikariri Kilatini chake bila kumsemesha hata neno. Mama yake alipokufa, aliacha seminari. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nadhani mshindo wa kimya kile ndio alioufuata vitabuni maisha yake yote.

Mwisho wa mwezi Baba akasema Koko ahamishiwe stoo ya nyuma, tulikoweka makaa na magunia. Wageni walikuwa wanaongezeka, na nisifiche, sebule ilikuwa imeanza kunuka mkojo. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kumtazama mama yake akiwa vile. Lakini stoo ile haikuwa na dirisha, na komeo lake lilikuwa la nje. Ndugu yake mkubwa angekuja Jumapili kutoka Entarara wakubaliane. Siku tatu zile sikula vizuri.

Jumapili Baba mkubwa alifika na gunia la maharagwe. Alimtazama Koko, akatikisa kichwa. "Huyu alishaenda. Hapa kumebaki kiti na shuka." Wakati huo Mwalimu akatokea na jagi lake. Sijui kilichomwingia. Labda alikuwa amewaona watoto wa jirani wakiinama, akadhani ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Aliweka jagi chini, akainamisha upara wake mbele ya Koko, akatulia hapo hapo. Mwanamume mzima, mwenye ndevu, anainama kama mtoto wa kuchunga mbuzi! Baba mkubwa alipiga kofi pajani. "Mwalimu! Kwani wewe hujatahiriwa?" Na ndipo kwenye kile kiti ikatoka sauti. Kavu, fupi, mara mbili. Mdomo wa Koko ulikuwa umepinda upande wa kushoto.

"Amecheka!" nikapiga kelele.

"Ni kohozi," Baba mkubwa akasema.

Baba alikuwa amesimama wima. Alimgeukia Mwalimu polepole. "Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Tuambie. Mama yangu yuko ama hayuko?"

Nilimwomba Mungu aseme yuko. Neno moja tu, na mambo yangekwisha. Mwalimu alijifuta uso. "Sijui, Mzee," akasema. "Siwezi kukuapia." Nilimchukia palepale. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Lakini mtu asipojua kama kuna mtu ndani ya nyumba, hafungi mlango kwa nje."

Baba alitazama upande wa stoo kwa muda. Aliokota jagi la Mwalimu, akaenda mwenyewe kulijaza maziwa, na habari ya stoo haikusemwa tena.

Koko alikaa mlangoni hadi mvua za mwaka uliofuata, akafariki. Niliinama mbele yake kila siku, na mkono haukuja, wala ile sauti sikuisikia tena. Pengine lilikuwa kohozi. Leo palipokuwa zizi letu pamejengwa ghorofa, na watoto wa Kitengela wanasalimiana kwa kugonganisha ngumi. Baba ndiye anayekaa kando ya mlango sasa, na siku nyingine ananiita kwa jina la Koko. Wanangu wanainama mbele yake na kungoja; mara mkono unakuja, mara hauji. Mwalimu alistaafu akarudi kwao, na akinipigia simu swali ni lile lile: "Naserian, umeshajua?" Namwambia, "Bado, Mwalimu." Anacheka. "Hata mimi bado."

Jioni ya Jumapili ile tulikula ugali, maharagwe ya Entarara na maziwa ya mgando. Koko alikula uji wake pale mlangoni, na kabla ya kumpa kijiko cha kwanza, Mama alimuuliza kama ni moto sana.