Kefa Fundi Baiskeli na Punje za Mahindi

Mimi Stefano nilikuwa namba tisa wa timu ya kijiji cha Ulemo, na asitokee wa kubisha. Wilaya nzima ya Iramba ilikuwa na washambuliaji wawili tu: mimi, na mimi nikiwa nimekasirika. Shule niliiacha darasa la tano, lakini uwanjani nilikuwa profesa. Ndiyo maana Kefa aliponiumbua kwa punje za mahindi iliniuma, na bora nisimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na waongo.

Kefa alikuwa fundi baiskeli pale sokoni. Mwembamba, mguu mmoja umepinda, hajawahi kufunga goli hata la bahati. Tulimpa timu kwa sababu mwalimu wetu wa kwanza alihamia Singida mjini kuuza mitumba, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara, na hakuna mwingine aliyeitaka.

Mazoezi yetu yalikuwa ya kurithi. Mizunguko ishirini ya uwanja kwa mchakamchaka, kisha mpira mmoja unatupwa katikati, tunaukimbilia wote kama kuku walioona panzi. Masaa mawili. Na ligi ya wilaya ilichezwa wakati wa mavuno, mtu ametoka kupura mtama tangu alfajiri. Jumapili tunafungwa, tena kipindi cha pili, miguu ikiwa imekwisha. Mechi nne mfululizo.

Mzee Yohana, mwenyekiti wa kamati, akamwita Kefa mbele yetu.

"Abdulmajidi ameleta neno." Huyo ni yule wa mjini aliyefunga mashine ya kukamua alizeti kijijini kwetu. "Atatuvalisha jezi, na mwalimu wake anaye. Mkifungwa tena Jumapili na Shelui, timu tunamkabidhi."

"Nimesikia, mzee," Kefa alisema, basi. Lakini tulijua timu ile ndiyo moyo wake. Baiskeli za watu zilikuwa zinakaa wiki bila mnyororo, yeye yuko uwanjani na sisi.

Jumatatu alisimama pembeni na makopo mawili, langu na la Chrispin, beki wa kushoto. Mmoja wetu wawili akigusa mpira, punje moja ya mahindi inaingia kopo lake. Mwisho wa mazoezi akasema, "Stefano, hesabu."

Themanini na tatu. Nilicheka mpaka jino la mwisho likaonekana. La Chrispin lilikuwa na tano.

"Chrispin, masaa mawili, mara tano. Jumapili mpira ukikujia utafanya nini?"

"Nitaubutua, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Uniondokee kabla haujaniaibisha."

Tulicheka wote. Kefa akatikisa kopo langu. "Mipira yake yote imo humu."

Kesho yake akafuta mizunguko. Nikamwambia, "Mwalimu, unatutunza kama mayai?"

"Leo umepura magunia mangapi?"

"Matatu."

"Basi mbio zako umeshazimaliza."

Akamwaga mipira minne. Ilikuwa ile mibovu tuliyokwisha kuitupa. Ameiziba kwa gundi ya solusheni na viraka vya tyubu za baiskeli, mmoja una nundu kama ng'ombe. Akatugawa watano watano kwenye vijiwanja vidogo. Gusa mara mbili, toa. Ukigusa ya tatu, nje. Siku ile nilitolewa mara sita! Mimi! Baada ya saa moja akatuambia twendeni nyumbani tukalale. Wazee waliokaa pembeni wakaguna kwamba haya si mazoezi, ni michezo ya watoto wa chekechea.

Jumapili nilifunga kwa kichwa, hilo liandikeni. Shelui wakasawazisha. Zikiwa zimebaki dakika kumi, Kefa akaniita. "Stefano, pumzika."

"Mimi?"

"Wewe. Umechoka, na hujui kama umechoka."

Nikaketi kando yake, nimevimba kama chura. Dakika ya mwisho mpira ukamwangukia Chrispin mbele ya goli letu, watu watatu wa Shelui wanamjia. Uwanja mzima ukapiga kelele, "Butua! Butua!" Na mimi nikapiga. Kefa yeye alikuwa amekamata nyasi kwa vidole tu.

Chrispin akautuliza. Akampa mwenzake, akarudishiwa, akatoa tena. Mpira ukatoka kwetu taratibu, mguu kwa mguu, watu sita, mpaka kipenga kikalia. Sare, moja kwa moja.

Abdulmajidi akaja na kanzu yake, akampa Kefa mkono. "Mwalimu, jezi zitakuja. Yule mtu wangu nitamtafutia kazi nyingine."

"Zije, tajiri. Ila mazoezi ni yangu."

"Ni yako."

Nimejisifia goli lile miaka yote, na nitaendelea. Lakini nikiwa peke yangu nakumbuka zile dakika kumi za nje. Miaka saba nilichezea Ulemo, na nilikuwa nauona mpira tu. Kukaa pale chini ndiko kulikonifanya niwaone wenzangu.

Kefa sikumwambia. Angevimba kichwa, na kwenye timu ile nafasi ya kichwa kikubwa ilikuwa na mwenyewe.